Andika presha

“Tuandike nini hapa?”

Afisa mtendaji alikuwa amekalia kiti cha plastiki chini ya mwembe, fomu juu ya paja, peni mkononi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, katikati ya Oktoba, na jua la Tabora lilikuwa bado linachoma shingo kama saa nane. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja mfupi: sababu ya kifo.

Tukatazamana.

“Mzee alikuwa na presha,” akasema mtu kutoka kwenye benchi.

“Basi andika presha.”

Akaandika presha. Mazungumzo yakahamia kwenye sanda, na nani ana majembe, na nani apelekwe stendi kumpokea shangazi wa Nzega.

Sikubisha. Baba yangu mdogo alikuwa na presha kweli, zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi vidonge vyake nilimnunulia mimi. Lakini saa moja kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa wanaume watatu tulioingia chumbani kwake, na nilipovuka kizingiti miguu yenyewe ilinirudisha nyuma. Maiti nimeshabeba nyingi, haikuwa hofu. Lilikuwa joto. Lilinipiga usoni kama mtu amefunua sufuria la wali.

Wiki sita zimepita, mvua za kwanza zimeshanyesha, watu wanapanda mahindi. Mimi bado nimekwama kwenye ule mstari.

Bati geji 30

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nauza saruji, nondo, misumari, rangi, na zaidi ya vyote nauza bati. Nalitaja hili mapema kwa sababu lile paa ni mimi nililiuza.

Baba mdogo alistaafu reli akiwa fundi wa mabehewa. Alipopata kiinua mgongo chake, kilichochelewa na kuja kwa mafungu, aliamua kubomoa nyumba ya zamani Ng'ambo, ile ya udongo na nyasi aliyorithi kwa babu, ajenge ya tofali za kuchoma. Alikuja dukani tukakaa na kalamu. Hela haikutosha kila kitu. Tukashusha bati kutoka geji 28 kwenda geji 30, ambalo ni jembamba zaidi. Kisha tukafika kwenye dari: mbao za mbili kwa mbili, siling bodi, misumari, fundi. Nikamwambia, “Baba, dari itakuja baadaye. Ingia kwanza.”

Akaingia. Dari haikuja.

Hakuna aliyeshangaa, maana nusu ya nyumba za mtaa wetu zinangoja dari. Unalala kitandani unaona kenchi na migongo ya bati, na saa sita mchana bati linaanza kulia, tiki, tiki, likitanuka. Kila anayelala chini yake anaujua ule mlio. Wazee wetu walikuwa na tembe, kuta nene za udongo na paa la udongo juu yake. Ukienda Kwihara kwenye ile nyumba ya makumbusho aliyokaa Livingstone mwaka 1872, mgeni akiingia kitu cha kwanza kusema ni kwamba humu ndani kuna ubaridi. Tuliondoka kwenye udongo kwa sababu za haki kabisa: mchwa, kuvuja, moto, na aibu ya kuitwa masikini. Sijutii watu kuwa na bati. Najutia ile “baadaye” yangu.

Kipimajoto cha vifaranga

Siku tatu baada ya mazishi nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Zuwena, anayefuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Nilikwenda kulipa deni la turubai. Kwenye mlango wa banda lake kuna kadi ya boksi imepigiliwa msumari, ina mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, joto asubuhi, joto mchana, chakula, waliokufa. Kila siku. Pale Oktoba ilipokuwa inawaka, mistari ya “waliokufa” ilikuwa imejaa kuliko kawaida, na pembeni yake ameandika kwa peni nyekundu: *pazia zifunguliwe saa 4, maji yabadilishwe saa 7*.

Nikamuuliza anajuaje kwamba waliuawa na joto.

Akanitazama kama nimeuliza maji yanatoka wapi. “Sijui kuku gani kafa na nini, mimi siyo daktari. Ila nikiona joto limepanda na maiti wamepanda, nasubiri nini?”

Nikamwomba aniazime kipimajoto. Ni kile cha kutundika, cha kioo, ambacho wafugaji hutumia wiki za kwanza kifaranga kinapohitaji nyuzi 32 hadi 35 ili kisife kwa baridi. Alinipa kwa masharti: batch mpya ikija, kirudi.

Nikakitundika chumbani kwa baba mdogo, juu ya kichwa cha kitanda, kwenye msumari ambao zamani ulibeba kalenda ya chama cha wastaafu. Mama mdogo hakuuliza. Saa tisa alasiri siku hiyo redio ilikuwa imesema Tabora nyuzi 34. Kipimajoto kilisema 39. Saa nne usiku, nje watu wameshavaa vitenge mabegani, ndani kilikuwa bado kinasoma 32.

Hapa sitaki kumtupia lawama mtu wa hali ya hewa. Kipimo chake kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kivulini, juu ya uwanja wa majani, kimo cha kifua cha mtu. Ndivyo inavyotakiwa duniani kote, ili Tabora na Tokyo zilinganishwe. Lakini hakuna mtu anayelala ndani ya kile kisanduku.

Nyuzi 40.6

Usiku usiolalika una faida moja, unasoma. Nikawa najilaza barazani kwenye mkeka na simu, naunga bando, natafuta kitu kimoja tu: je, ningeweza kumwambia yule mtendaji andika joto?

Nikamkuta mtu wa Chicago. Julai 1995 mji ule ulipata siku chache za joto kali mno, na maiti zikawa nyingi mpaka malori yenye majokofu yakapangwa foleni nje ya mochwari. Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa eneo hilo, Edmund Donoghue, akaanza kuandika joto kwenye vyeti. Meya wa mji, Richard M. Daley, akaja juu: watu hufa kila siku, sasa kila anayekufa mmeamua kumwandika joto? Swali hilo hata mimi ningeliuliza.

Donoghue alikuwa na masharti yake. Mwili uwe na nyuzi 40.6 au zaidi wakati wa kufa au mara baada yake. Au kuwe na ushahidi wa joto kali pale alipokutwa. Au awe amekutwa ameshaharibika na mara ya mwisho kuonekana hai ilikuwa zile siku za joto. Wataalamu wa serikali kuu walipopitia kazi yake walimkubali. Hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba hata yeye alipunja: vifo vya ziada vilifika 739.

Nikakaa nikayatazama masharti yale kama mteja anayetazama bei.

Nikamtafuta mzee aliyemwosha baba mdogo. Tulizika usiku uleule baada ya Isha, kwa tochi za simu, kwa sababu wazee walisema joto hili halingoji asubuhi, kwa hiyo kuoshwa kulifanyika kabla ya Magharibi. Nikamuuliza, shikamoo mzee, ulipomshika alikuwaje?

“Wa moto,” akasema. “Wa moto kama mtoto mwenye homa. Maji niliyommwagia yalikuwa ya mtungini, nikaona yanapata uvuguvugu.”

Moyo ukanidunda. Kisha akaongeza, kwa upole, kwa sababu aliona ninachotafuta: “Lakini mwanangu, siku zile wote niliowaosha walikuwa wa moto. Chumba chenyewe kilikuwa cha moto. Maiti atapoa kuelekea wapi?”

Basi, ushahidi wangu ukaisha pale pale kwenye baraza la mzee yule. Mwili usiopozwa na chumba hauelezi ulikuwa na joto gani roho ilipotoka. Na hakuna mtu mtaani kwetu atakayemwingizia maiti kipimajoto wakati wanawe wanalia ukumbini, wala nisingependa awepo.

Kuna jambo lililonikatisha tamaa zaidi. Joto mara nyingi haliui kwa jina lake. Kiharusi cha joto, pale mwili unapovuka nyuzi 40 na mtu anapayuka au anazimia, kipo, lakini ni kipande tu. Wengi hufia kwenye ugonjwa waliokuwa nao. Damu inakimbizwa kwenye ngozi ipoe, moyo unapiga mbio kuisukuma, jasho linamaliza maji na chumvi, damu inakuwa nzito, figo zinapata shida. Mzee hata kiu haisikii vizuri. Na baadhi ya vidonge vya presha, vile vya kukojoza, vinatoa maji mwilini ambayo siku ile alikuwa anayahitaji. Kwa hiyo aliyesema “andika presha” hakudanganya.

Vidonge hivyo, nimeshasema, nilinunua mimi.

Wauza majeneza walijua kwanza

Kilichonigeuza ni Ufaransa, Agosti 2003. Joto lilikuwa limeshakaa karibu wiki mbili, watu wengi wako likizo, waziri wa afya naye likizo. Daktari wa wagonjwa wa dharura Paris, Patrick Pelloux, alikuwa anapiga kelele kwenye vyombo vya habari kwamba watu wanakufa. Maafisa wakasema ni vifo vya kawaida. Waliotoa hesabu ya kutisha mapema walikuwa watu wa kampuni za mazishi. Wao hawakujua mtu amekufa na nini. Walijua maiti wanaoletwa wamezidi. Mpaka ukumbi wenye ubaridi kwenye soko la vyakula la Rungis ukageuzwa kuhifadhi maiti.

Hesabu rasmi ilipofanywa, ilikuwa rahisi kiasi cha kunikasirisha. Walichukua vifo vyote vya tarehe 1 hadi 20 Agosti, vya sababu yoyote, wakalinganisha na tarehe hizohizo za miaka ya nyuma. Ikazidi karibu 15,000.

Hakuna aliyeulizwa “tuandike nini hapa”. Tarehe zilitosha.

Mtu wa dukani analielewa hili kuliko daktari. Mteja akiingia kununua bati, sijui kama ameletwa na mvua, au na mke, au na mkopo wa tumbaku uliotoka. Mmoja mmoja sijui. Lakini mvua ya kwanza ikipiga, wiki ile bati na misumari na vipande vya mfereji vinaondoka kuliko wiki zote, na kwa wiki nzima siwezi kudanganywa kwamba siyo mvua. Nilikuwa nimehangaika wiki nne kumuuliza marehemu mmoja swali ambalo wanaoweza kulijibu ni marehemu wote kwa pamoja.

Wafaransa wakajenga mtambo juu ya wazo hilo: ofisi za manispaa zinatuma idadi ya vifo kila siku, wodi za dharura zinatuma za kwao, na idadi ikipanda wakati wa joto kengele inalia kabla watu wa majeneza hawajalia. Hispania nayo tangu 2004 ina mfumo wake wa kila siku, unaitwa MoMo. Majira ya joto ya 2022 watafiti walihesabu Ulaya nzima vifo zaidi ya 61,000 vya joto. Na hao ndio wenye madaktari.

Sasa geuka uangalie kwetu. Mwaka 2020 watafiti wawili, Luke Harrington na Friederike Otto, walifungua kumbukumbu ya majanga ya dunia inayotunzwa Ubelgiji, ile inayoitwa EM-DAT, watazame Afrika kusini mwa Sahara. Tangu mwaka 1900, mawimbi ya joto mawili. Vifo 71.

Niliusoma mstari huo mara tatu. Kusini mwa Sahara yote, miaka 120, watu 71. Wenyewe walisema wazi kwamba hiyo haina maana kwamba hatufi.

Daftari letu

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa. Ni kaunta buku mbili zenye jalada gumu, ya kwanza imeanza 2011, ya pili imelowa chai ukurasa wa kumi. Jina, tarehe, rambirambi, sanda, usafiri, sahihi ya mfiwa. Nguzo ya sababu hatuna, na nilikuwa nikiiona hiyo kama kasoro.

Jumapili moja nilifunga duka mapema nikazitoa zote mbili, nikachukua karatasi ya boksi la misumari, nikaanza kupiga vijiti vinne na cha tano mkingamo. Januari, Februari, mpaka Desemba. Niliifanya kazi hiyo polepole kwa sababu majina yanakusimamisha. Huyu alinifundisha hesabu darasa la nne. Huyu alikufa na deni langu la rangi, Mungu amsamehe na mimi nimemsamehe.

Oktoba ilizidi. Kidogo.

Kidogo ambacho hakithibitishi chochote. Kaya zisizofika mia mbili, miaka kumi na kitu, vijiti vichache: ajali mbili za pikipiki zinatosha kuupindua mwezi. Nilikuwa karibu kuiweka ile karatasi mtandaoni siku ileile, na nafurahi sikuiweka, maana ningekuwa nimefanya jambo alilolishuku yule meya. Lakini fikiria daftari kama hilo la kila mtaa. Isevya, Cheyo, Kanyenye, Kiloleni, Ipuli. Misikiti ina madaftari, makanisa yana madaftari, wachimba kaburi wana tarehe kichwani. Halafu Urambo, Sikonge, Kaliua. Tuna hesabu ya vifo kuliko tunavyodhani, ila imekaa kwenye makabati ya makatibu kama mimi, imelowa chai.

Wala kuuliza wafiwa siyo jambo geni nchini. Miaka ya tisini kulikuwa na mradi wa wizara ya afya uliopita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam, Morogoro vijijini na Hai, mtu akifia nyumbani anakuja mhojaji na maswali yake baada ya siku za majonzi: aliumwa siku ngapi, alihema vipi, alikunywa maji? Kwa majibu hayo madaktari walikisia sababu. Sisi tunayo ile subira ya kukaa mkekani na mfiwa. Hatujauliza tu kilikuwa chumba gani, na saa ngapi.

Alikuwa na watu tisa

Chicago walipohesabu walijua pia waliokufa ni nani: wazee, masikini, na hasa walioishi peke yao, milango imefungwa, hawana wa kuwagongea. Nilipoyasoma hayo niliona fahari fulani, nakiri. Nikasema hapa kwetu mzee hafi peke yake.

Kisha nikakumbuka.

Ile nyumba ina watu tisa. Baba mdogo alisali Adhuhuri, akala ugali kidogo na kisamvu, akasema anajinyoosha. Mlango ukarudishwa. Watoto wakaambiwa wasipige kelele, babu amelala. Mama mdogo akakaa chini ya mwembe akichambua mchele na wenzake, hatua kumi kutoka dirishani. Alasiri ilipoadhiniwa hakutoka, wakasema amechoka, mwacheni. Karibu saa tatu, watu tisa wakimheshimu usingizi.

Hijja ya 2024, Saudi Arabia ilipotangaza vifo 1,301, ilisema pia kwamba wengi mno walikuwa wasio na vibali, waliotembea juani bila mahema wala mabasi. Hesabu ikataja mtu. Na Bamako, Mali, kwenye joto la Aprili mwaka huohuo, hospitali moja tu, ya Gabriel Touré, ilitoa tangazo: vifo 102 siku nne za mwanzo wa mwezi, wakati Aprili nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa na 130. Umeme ulikuwa unakatika. Zaidi ya nusu walikuwa wamepita miaka 60. Hapo tena umempata mtu: mzee, bila feni.

Sisi tukihesabu tutampata nani? Nahisi siyo mzee aliyetelekezwa. Nahisi ni mzee anayeheshimiwa, chini ya geji 30, saa nane mchana.

Lakini hizo ni hisia za muuza bati.

“Ukishajua, atarudi?”

Mama mdogo ndiye aliyeuliza hivyo, nilipomwonyesha ile karatasi yenye vijiti. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa bado eda, ameketi kitandani kwake, kipimajoto kiko juu ya kichwa chake. Nilishindwa kujibu. Nikasema Mungu ndiye anayepanga, akasema hilo nalijua, nimekuuliza wewe.

Mwenyekiti wa chama naye aliuliza kwa namna yake. Nilipendekeza tuongeze nguzo tatu kwenye daftari: saa ya kifo, mahali, na joto. Akasema joto hapana. “Tukiandika nyumba imeua, watu watalala wapi?” Mjumbe mwingine akasema zahanati yenyewe inakosa vitu vya msingi, sasa tunataka kuanza kuhesabu jua? Yule mjumbe hana ujinga wowote. Kila nguzo mpya kwenye fomu ni muda wa mtu ambaye tayari ana foleni.

Nilichowajibu ni cha Ahmedabad, India, mji wa joto na mabati kama sisi ingawa mkubwa mara nyingi. Mei 2010 ulifika nyuzi 46.8. Walipokuja kuhesabu kwa njia ya tarehe, mwezi ule ulikuwa na vifo 1,344 zaidi ya kawaida. Kabla ya hesabu hiyo lilikuwa joto tu, Mei ni Mei. Baada yake, mwaka 2013 mji ukawa na mpango: tahadhari kwa simu, maji kwenye mikusanyiko, kazi za juani kusogezwa, na baadaye mapaa ya masikini kupakwa chokaa nyeupe. Hospitali moja ilitazama daftari lake ikaona watoto wachanga wanapata homa zaidi kwenye wodi iliyokuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Ikaihamisha wodi ikaja chini.

Wodi ilihamishwa kwa sababu mtu aliandika tarehe na chumba.

Chokaa nauza. Mfuko mmoja ni rahisi kuliko bati moja. Miaka yote hii nimewauzia watu waipake ukutani kwa ajili ya Idi na Krismasi, sijawahi kumwambia mteja hata mmoja aipandishe juu.

Tulikubaliana nguzo mbili: saa, na mahali. “Mahali” mwenyekiti alitaka iwe jina la mtaa. Mimi nimeanza kuandika *chumbani, bati, bila dari*. Hajasema kitu. Nadhani hajaona.

Jumatano

Juzi Mama Zuwena alinipigia. “Baba Salma, kipimajoto changu. Vifaranga wanaingia Jumatano, mia mbili, na mvua hii wataniganda.”

Nikaenda usiku baada ya kufunga duka. Mama mdogo alikuwa amehamia chumba cha mbele na wajukuu, kile cha nyuma sasa kinawekewa mahindi ya mbegu. Siling bodi nilizomletea wiki iliyopita zimeegeshwa ukutani, fundi amesema atakuja, unawajua mafundi. Nikawasha tochi ya simu nikakitoa msumarini. Mvua ilikuwa inanyesha nyepesi juu ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu nikitundike pale kilikuwa kinasoma 24.

“Kinasemaje?” akauliza mama mdogo kutoka mlangoni.

Nikamwambia.

Akasimama kidogo akisikiliza mvua. “Na siku ile?”

“Siku ile hakikuwepo, mama.”